Ukuta Uliobaki Baada ya Ofisi Kuunganishwa



Neno letu leo liko Matendo ya Mitume sura ya 6, mstari wa 1 hadi wa 7. Fungua Biblia usome mwenyewe, kisha urudi hapa. Lakini kabla hatujafika Yerusalemu nataka tupitie Marekani, mji wa Redmond, kwenye makao makuu ya Microsoft. Usishangae. Wengi wenu mnashinda kutwa kazini mbele ya programu zao.

Tarehe 11 Julai 2013, Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo, aliwaandikia wafanyakazi wake barua ndefu. Kiini chake ni kwamba kuanzia siku hiyo Microsoft ni moja. Vile vitengo vya zamani, kila kimoja na bidhaa yake, wakubwa wake na hesabu zake, vilivunjwa. Wahandisi wakapangwa upya katika makundi manne. Kampuni ilikuwa na watu karibu 100,000, na wengi wao walilala wakiwa wa kitengo hiki wakaamka wakiwa wa kingine.

Ukisoma barua kama hiyo utasema Amina. Nani asiyependa umoja? Lakini mpendwa, waulize waliokuwa ndani.

Miaka mitatu kabla ya barua hiyo, mtu mmoja aliyewahi kuwa makamu wa rais pale, Dick Brass, alieleza hadharani katika gazeti la New York Times yale aliyoyaona. Kundi lake lilikuwa limebuni teknolojia iliyoitwa ClearType, ya kufanya maandishi yasomeke vizuri kwenye kioo cha kompyuta. Jambo jema, si ndiyo? Basi watu wa Windows wakasema inavuruga kioo rangi fulani zikitumika. Mkubwa wa Office akasema inamuumiza kichwa. Mwingine, wa vifaa vya mkononi, akasema ataiunga mkono iwapo tu kazi hiyo na wahandisi wake vitawekwa chini yake. Ikapita takriban miaka kumi kabla haijafanya kazi sawasawa ndani ya Windows.

Tena walijenga kompyuta ya kuandikia kwa kalamu, mapema kabla ya iPad. Mkubwa wa Office wa wakati huo hakulipenda wazo hilo, akakataa programu zake zirekebishwe zifanye kazi vizuri nayo. Nyumba moja, baba mmoja, na ndugu anamnyima ndugu yake chumvi!

Mwaka 2011 mhandisi mmoja aitwaye Manu Cornet alichora kikatuni cha kampuni kubwa za teknolojia. Microsoft aliichora kama vitengo vinavyoelekezeana bastola. Satya Nadella, aliyechukua uongozi Februari 2014, anakitaja kikatuni hicho katika kitabu chake cha mwaka 2017. Anasema kilimsumbua, lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba watu wao wenyewe walikikubali tu. Hebu tulia hapo kidogo. Mtu anachora nyumba yako inapigana, na watoto wako wanasema, ndiyo, hivyo ndivyo tunavyoishi.

Sasa kwa nini walipigana? Wafanyakazi walikuwa na jibu, na walilisema mapema. Mwandishi Kurt Eichenwald aliwahoji wengi, waliokuwa bado kazini na waliokwisha kutoka, na makala yake ikatoka katika jarida la Vanity Fair mwaka 2012. Anasema wote aliowahoji walitaja kitu kimoja: namna walivyopimwa. Kila meneja alilazimika kuwagawa watu wake kwa mafungu. Mmoja wao alieleza kwamba katika timu ya watu kumi, unajua tangu siku ya kwanza kwamba wawili watasifiwa, saba watapewa alama za kawaida, na mmoja lazima aangushwe. Hata kama wote kumi ni hodari.

Wewe uliyesoma shule zetu unajua hii. Unakumbuka kuwekwa namba darasani? Unakumbuka rafiki aliyefunika daftari kwa mkono ili usione hesabu zake? Ndivyo watu wazima wenye digrii walivyokuwa wakifanya. Hodari hakutaka kukaa timu moja na hodari mwenzake, maana mmoja wao angeumia. Habari muhimu zilifichwa.

Basi Julai chati ikabadilishwa, lakini kipimo kilikuwa bado ni kile kile. Unaunganisha watu mchana, na jioni unawauliza nani kati yenu aanguke. Kipimo hicho kilifutwa Novemba 12 mwaka huo huo, kwa tangazo la mkuu wa wafanyakazi, Lisa Brummel. Nikiulizwa mimi, tangazo hilo la Novemba lilikuwa na uzito kuliko barua ndefu ya Julai. La Julai lilibadili majina ya vitengo. La Novemba liligusa kilichokuwa kinawafanya watu wafiche daftari.

Twende Yerusalemu sasa. Kanisa la kwanza lilikuwa na makundi mawili ndani ya nyumba moja: Waebrania, na Wayahudi wa lugha ya Kiyunani. Kwa maneno walikuwa wamoja. Sura ya 4 inasema hata mali yao ilikuwa ya wote. Lakini sahani za wajane zilisema mengine. Wajane wa upande mmoja walikuwa wanarukwa kila siku chakula kikigawanywa. Watu wakanung'unika.

Tazama mitume walivyofanya. Hawakukemea roho ya uasi, jambo ambalo baadhi yetu wachungaji tuna haraka nalo sana. Hawakuhubiri mahubiri ya umoja. Waliita mkutano, wakawaambia watu wachague wenyewe wanaume saba wa kusimamia ugawaji. Soma majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani! Inaonekana mwiko ulikabidhiwa watu wa upande uliokuwa unalia. Na mstari wa 7 unasema Neno likaenea.

Hata sisi kanisani tunayajua haya. Kwaya na kikundi cha sifa wanaweza kuimba pamoja Jumapili nzuri kabisa, halafu Jumatatu kila upande una kufuli yake kwenye kinanda. (Wahusika mnajijua, nawapenda.)

Dada mmoja aliniandikia wiki jana. Kampuni yao inaunganisha idara yake na nyingine. Madawati yamesogezwa, lakini bonasi ya kila upande bado inahesabiwa peke yake, kwa hiyo hakuna anayempa mwenzake mteja. Bosi alipouliza kama kuna swali, wote waliangalia meza. Ana watoto wawili shuleni na karo ya muhula haijaisha kulipwa. Akaniuliza: Pasta, nikisema, si nitakuwa mnung'unikaji kama wale wa jangwani?

Dada yangu, wale wa jangwani walitaka kurudi Misri. Wale wa Matendo 6 walitaka wajane wale chakula. Si manung'uniko yale yale. Nenda kwa bosi wako kwa heshima, mlango ukiwa umefungwa, umuulize jambo moja tu: sasa tukiwa idara moja, tutapimwaje? Usimtaje mwenzako kwa ubaya.

Na sitakudanganya kwamba ukisema kweli hutaguswa. Kule Redmond, Julai 2014, ilitangazwa kwamba nafasi hadi 18,000 zingeondolewa, nyingi za waliotoka Nokia, kampuni ambayo biashara yake ya simu ilikuwa imenunuliwa na kuunganishwa miezi michache tu kabla. Kuunganishwa kwa ofisi kuna majeruhi, na mtu wa Mungu anaweza kuwa mmoja wao. Ndiyo maana hatutaki usimame peke yako.

Jumatano hii, maombi ya saa saba mchana ni kwa ajili ya walio katika hali hiyo. Kama umepewa barua, njoo nayo. Kama wewe ndiwe meneja uliyeambiwa uchague nani abaki, njoo pia, na uketi safu moja na wao.