Pikapu iliyoanzia kwenye daftari la mama

Jumapili ya Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha katika mji wa Katesh na maeneo ya jirani. Gendabi nayo iliguswa.

Wiki zile, kila mwenye pikapu alikuwa na kazi. Wapo waliobeba vyombo vya ndugu zao bila kudai hata shilingi, na wapo waliokodiwa kusomba matope kwenye nyua na maduka.

Baba mmoja wa Gendabi aliyatazama magari yale akapata wazo. Yeye anaishi kwa kazi za bustani: kupanda miche na nyasi, kupanga mawe na kumwaga udongo mweusi kwenye nyumba za wageni na nyumba mpya za Katesh. Miaka yote amekuwa akikodi gari la mtu kubeba mchanga na samadi.

"Mama watoto, tungekuwa na letu, leo tungekuwa mbali," alimwambia mkewe.

Mkewe hakukataa. Alijibu tu, "Siku za msiba usizihesabu kama siku za kazi, baba. Tuombe zisirudi."

Walikuwa na ng'ombe tisa na akiba ya Sh3.6 milioni kwenye kikundi cha VICOBA. Binti yao wa kwanza alikuwa anaingia kidato cha nne na ndoto yake ni chuo cha uuguzi. Kila mtu nyumbani alijua kwamba ng'ombe wale ndio ada yake. Baba aliposikia kuna Hilux inauzwa Babati kwa Sh13 milioni, hesabu yake ilikuwa fupi: auze ng'ombe wote, achukue akiba yote, kinachopungua akope.

Mama akachukua daftari la mtoto lililobaki kurasa. Kwa miezi mitatu, kila siku mumewe alipokodi gari, aliandika: tarehe, mzigo, walikokwenda, kiasi alicholipa, mafuta yaliyotumika. Hakuandika kazi ambazo "zingeweza kupatikana". Aliandika zilizopatikana.

Miezi mitatu ilipoisha, zilikuwa siku 27, yaani tisa kwa mwezi. Ukitoa mafuta, na ukiweka pembeni fedha ya oili, tairi na fundi, siku moja ingewabakizia kama Sh25,000. Kwa mwezi ni Sh225,000. Kwa miaka mitatu, Sh8.1 milioni.

"Gari la milioni 13 linataka siku 15 kwa mwezi ili lijilipe kwa miaka mitatu. Sisi tuna tisa," alisema.

"Likiwa langu na watu wengine watanikodi."

"Hiyo ni bahati. Ikija tutaila. Lakini tusiinunulie gari."

Baba aliona kama anawekewa mguu. Kwa siku kadhaa walisalimiana kwa maneno mawili matatu. Mwishowe wakakubaliana waende Babati kuliona tu, na waende na fundi wao kutoka Katesh, si fundi wa dalali.

Hilux ile ilikuwa imepigwa rangi nyeupe, inang'aa. Muuzaji aliiwasha mara moja, ikanguruma vizuri. Baba akatabasamu. Fundi hakusema kitu. Aliweka kiganja juu ya boneti.

"Shikamoo mzee," akamwambia muuzaji. "Naona ilishawashwa asubuhi. Tunaomba izimwe, tutasubiri ipoe."

Walisubiri zaidi ya saa tatu, wakinywa chai. Injini ya moto huficha mengi, fundi aliwaeleza. Ugonjwa wa gari kuukuu huonekana linapowashwa likiwa la baridi. Mara hii ilikataa mara nne. Ilipokubali, ilitoa moshi wa bluu. Moshi wa bluu ni oili inayoungua ndani ya injini. Mweupe usiokoma huashiria maji yanaingia kwenye silinda. Mweusi ni mafuta yasiyoungua sawasawa.

Kisha fundi akalala chini ya gari na tochi ya simu. Chesesi ilikuwa imechomelewa sehemu mbili, na rangi mpya imepita juu yake.

Muuzaji akasema kuna mteja mwingine anakuja jioni, waache angalau Sh500,000 ya kulishikilia. Baba alimtazama mkewe. Mama akasimama, akaaga.

Ndani ya basi la kurudi hakuna aliyezungumza. Walikuwa wamepoteza nauli, siku ya kazi na fedha ya fundi.

Ya pili waliipata Endasak, baada ya mavuno. Ilikuwa Hilux ya zamani, bodi imebonyea, kiti kimechanika, lakini iliwaka ikiwa ya baridi, chesesi haina kidonda na foo wili inashika. Muuzaji, kijana mpole, alikubali Sh7 milioni.

Fundi alilinganisha namba ya chesesi na ya injini na zilizoandikwa kwenye kadi. Zilifanana. Mama akaomba kuiona kadi.

"Jina hili ni la nani?"

"La baba. Ni marehemu."

"Msimamizi wa mirathi ni nani?"

Kijana akanyamaza. Hakuwepo. Alikuwa na dada wawili na mdogo wake, na hakuna aliyekwenda mahakamani.

Baba alitaka kulipa hivyo hivyo. Mvua zilikuwa karibu na kazi za kusomba samadi zilikuwa zinaanza. Mama alishikilia: mali ya marehemu huuzwa na msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Bila hivyo, kesho dada mmoja angekuja kudai gari la baba yake, na angekuwa na haki.

Walisubiri karibu miezi mitatu. Kazi za samadi ziliwapita. Siku msimamizi alipopatikana, mkataba ulisainiwa mbele ya wakili, wana wote wanne wa marehemu wakiwepo. Waliuza ng'ombe watano, wakatoa akiba, na kama Sh600,000 iliyobaki ikaenda kwenye kuhamisha umiliki TRA, bima, na tairi mbili zilizokuwa kipara. Ng'ombe wanne walibaki zizini.

Mwezi wa kwanza pikapu ilifanya kazi siku saba tu. Wiki moja nzima ililala kwa sababu ya kalachi. Baba alikuwa hali vizuri. Mama aliandika zote, za kazi na za kulala. Mwezi wa pili zilikuwa kumi. Wa tatu, tisa.

Septemba 2025 waliuza ng'ombe mmoja kulipa awamu ya kwanza ya ada ya chuo. Binti alipelekwa na pikapu hadi stendi ya Katesh, sanduku na godoro vikiwa nyuma, vimefungwa kwa kamba ya kufungia samadi.

Hivi karibuni jirani alikuja jioni kuomba ushauri. Naye anataka kununua gari la mizigo. Alidhani atatolewa nje akaonyeshwe injini. Baba alimkaribisha kiti, akageukia jikoni.

"Mama watoto, hebu lete lile daftari."