Kamina: Nani Atawamiminia Wazee Maji?



Ukitoka Lubumbashi kwa treni unapita Likasi na Tenke, halafu Bukama, kwenye mto Lualaba. Nyuma yake unafika Kamina. Hapo reli inagawanyika: moja inakwenda Kasai mpaka Ilebo, ingine inapanda Kabongo na Kabalo. Tangu mwaka 2015 Kamina ni mji mkuu wa jimbo la Haut-Lomami.

Treni inaleta watu, samaki na makala. Wakati mwingine inaleta ugonjwa pia. Pande za Bukama, Kinkondja na Malemba-Nkulu, kwenye maziwa ya Lualaba, kolera ni mgeni asiyeaga. Mwaka 2017 kolera ilienea katika majimbo mengi ya Kongo. Watu zaidi ya 50,000 waliugua, na zaidi ya 1,000 walikufa. Mwaka uleule polio ilionekana tena Haut-Lomami.

Mimi nilifika Kamina kwa kilio cha mzee mmoja wa kanisa. Moyoni niliwaza: nitapata nafasi ya kufundisha wazee usafi.

Bukari, sombe na samaki vilipoletwa, kijana alileta beseni moja. Tulikuwa wanaume 12. Tulianza kunawa kwa ukubwa, wote ndani ya maji yale yale. Zamu yangu ilipofika maji yalikuwa meusi. Niliona haya kukataa mbele ya wazee. Nikatumbukiza mikono. Mimi niliyekuja kufundisha!

Nkambo mmoja aliyeketi karibu na mlango alinitazama. "Pasta, weye unasoma. Maji ile ya bantu yote, haukuiona?"

Watu walicheka. Mimi nilinyamaza.

Nkambo huyo alizaliwa kando ya Lualaba. Kolera ameiona kwa macho yake. Alinihesabia yote kwa vidole: maji ya kunywa yachemke, bidon ifunikwe, choo kiwe na kifuniko, na kama sabuni haiko, majivu. Halafu akasema: "Tunajua, Pasta. Lakini makala iko bei, kisima iko mbali. Miye nikileta bidon moja ni ya kunywa. Ya kunawa itatoka wapi? Batoto banapita tu na telefone."

Ndugu zangu, tunasema wazee hawajui. Wanajua. Kinachokosa ni miguu ya kuchota na mikono ya kumimina.

Tena mwili wa mzee unakauka upesi. Akianza kuharisha maji maji, usingoje kesho. Umnyweshe kidogo kidogo: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, huku mnampeleka hospitali.

Na mkumbuke, nkambo ndiye anayebaki na wajukuu wakati mama yuko shambani ao sokoni. Akikubali matone ya polio, lupango nzima inakubali. Kwa hiyo anayetoa chanjo aanze kwa kumsalimu yeye.

Hata desturi zetu zina msaada. Wazee wa Kiluba wanasalimu mkubwa kwa kupiga makofi polepole, bila kushikana mikono. Corona ilipofika Kongo mwaka 2020, tulihangaika kutafuta salamu mpya, kumbe ya zamani ilikuwa nyumbani.

Nabii Elisha, kabla ya kuwa mtu mkubwa, alijulikana kwa kazi moja: kumiminia Eliya maji mikononi (2 Wafalme 3:11). Kazi hiyo haikumpunguzia heshima.

Siku ya pili nilimwomba kijana yule aache beseni chini na achukue kopo. Alipita kwa kila mzee, akamimina, maji machafu yakianguka ndani ya beseni. Maji yaliyotumika hayakupita yale ya jana. Nkambo alinyoosha mikono yake, akaisugua kwa majivu, akamwambia, "Eyo, mwanangu. Na kesho?"

Vijana wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, swali hilo ni lenu pia. Ku lupango yenu, nani anachota?