Ukanda wa Mbwa

Nilizaliwa Mombasa katika nyumba ambayo mbwa hakuvuka kizingiti chake. Chombo kilicholambwa na mbwa kilioshwa mara saba, mara moja kwa udongo, kama madhehebu ya Shafi yaagizavyo. Na mbwa aliyepita kichochoroni alipokewa kwa jiwe. Kwa hiyo mwaka 2016, nilipokuwa mwanafunzi Berkeley, California, na bibi mwenye nyumba niliyopanga akaumia goti, akaniomba nimpeleke mbwa wake bustanini, nilikubali kwa haya wala si kwa moyo.

Mji ule una sehemu ya mbwa katika bustani ya Ohlone, iliyoanzishwa mwaka 1979, nayo aghalabu hutajwa kuwa ya kwanza ya namna yake katika Marekani. Viwanja kama hivyo huzungushiwa ua, na mbwa huachwa huru ndani. Desturi ni malango mawili: la nje hufungwa kwanza ndipo la ndani lifunguliwe, asije mbwa mwingine akaponyoka barabarani. Baina ya malango hayo mtu humfungua mbwa wake ukanda.

Bibi aliniambia hayo, lakini sikutii. Ukanda ulikuwa ngao yangu. Niliingia nimeukaza, na mara mbwa wanne wakatujia kumnusa mgeni, kama sisi tuulizanavyo hali. Wangu hakuweza kugeuka wala kukimbia, na asiyeweza kukimbia hana budi kupigana. Alimuuma mbwa mdogo sikio, damu ikatoka. Nilitaka kutia mkono kati yao. Mtu akanikemea, maana mkono wa namna hiyo huumwa hata na mbwa wa mwenyewe. Mwenye mbwa mdogo aliinama kulitazama jeraha.

Hapa naungama. Lango lilikuwa nyuma yangu, na hapana aliyejua jina langu. Nililishika komeo. Kilichonizuia hakikuwa wema: mbwa alikaa kitako, akakataa kutoka.

Basi nilirudi, nikataja jina na nyumba. Yule bwana hakuniuliza fedha kwanza. Aliuliza kama mbwa wangu amechanjwa kichaa cha mbwa, jambo ambalo sheria ya California yalazimisha. Sikujua! Nilimchukua mnyama wa watu mahali pa watu pasipo kujua hata hilo, nikampigia bibi simu kwa aibu. Alikuwa amechanjwa. Daktari wa wanyama nilimlipa mimi, kwa miezi mitatu.

Bibi hakunigombeza. Kesho yake ukanda ulining'inia mahali pake pa kila siku, nami nikauchukua. Nilijifunza kuwatazama mbwa badala ya simu yangu: ainamishaye kifua na kuinua kiuno aalika mchezo, akakamaaye mwili aitwe mapema. Nilijifunza kuzoa kinyesi, kazi ambayo jamaa zangu hawajaniamini mpaka leo. Na kuacha nyumbani chakula, kwa kuwa kipande kimoja cha nyama hutosha kuvunja urafiki wa mbwa kumi.

Baada ya miezi kadhaa aliingia kijana mgeni, ukanda umemzunguka kiganja mara mbili, vidole vimekwajuka. Mbwa walianza kumwendea. Nilimwita wangu, nikasimama kando, nikamwomba kijana kwa upole amfungue wake. Alinitazama mimi, kisha akautazama ukanda.