Baridi Haisafishi Maji

Hapa Kolwezi mwezi wa Septemba, kabla ya mvua kuanza, joto na vumbi la migodi hukausha koo hata kusema ni taabu. Ndipo akina mama wengi hupata riziki kwa kuuza barafu katika vifuko vya plastiki. Sisi walimu twawaona watoto wakivifyonza mlangoni pa shule, nao wauzaji ni wazazi wa wanafunzi wetu; fedha hiyo ndiyo ya daftari na viatu. Hatutaki basi kuivunja kazi hii, ila kuondoa dhana moja ya hatari.

Wengi hudhani ya kuwa baridi kali huua vidudu vya maradhi. Sivyo. Huvilaza tu, barafu ikiyeyuka kinywani, vingi huamka. Maji ya kisima kilicho karibu na choo hubaki yale yale, ijapokuwa yang'aa kama kioo, na homa ya matumbo hupita humo, hata kipindupindu, ambacho hurudi mara kwa mara huko Bukama na maziwa ya Upemba, mto wetu Lualaba unakoshukia. Wala pombe haisafishi barafu iliyotiwa ndani yake, hata wazee wakibisha!

Basi maji yachemshwe kwanza. Yakitokota kwa nguvu dakika moja nzima, yatosha. Yapoe katika chombo kilichofunikwa, yatiwe vifukoni kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni, wala mtu asipulize kifuko kwa kinywa ili kukifungua.

Lakini sisi wa nchi ya shaba tuna jambo la zaidi. Moto huua vidudu, hauondoi shaba wala kobalti. Maji yakipungua kwa mvuke, madini hubaki yote. Kisima kilicho karibu na mashimo ya wachimbaji, au mahali pa kuoshea mawe ya madini, kiachwe kabisa.

Tena, ijapokuwa Lualaba hutoa umeme Nzilo na Nseke tangu miaka ya 1950, taa huzimika majumbani. Hapo maji ya samaki walioyeyuka hutiririka juu ya vifuko. Umeme ukirudi, vyote huganda tena, na mnunuzi haoni alama. Vifuko viwekwe juu, katika chombo chenye kifuniko, samaki chini.

Makaa ni ghali, twajua. Jirani yetu mmoja, akiisha kusonga bukari ya jioni, huteleka maji ya kesho papo hapo, makaa yangali mekundu.