Nimepima, Kaka

Ndugu msomaji, wako watu wanaoendesha gari mwaka mzima bila kufungua boneti, wakiamini kwamba kazi hiyo ni ya fundi peke yake. Mimi sikuwa miongoni mwao. Nilifungua boneti, nikachomoa kijiti cha kupimia oili, nikakitazama. Ndiyo maana naisimulia habari hii kwa haya, kwani aliyepima akakosea hana hata udhuru wa kutojua.

Ilikuwa mwezi wa Julai, mjini Iringa, alfajiri yenye baridi ile ambayo watu huamkiana "kamwene" mikono ikiwa ndani ya makoti. Usiku tulikuwa tumepata habari kwamba mama mdogo, mdogo wake mama yetu wa tumbo moja, amefariki dunia huko Mwanjelwa, Mbeya, na kwamba maziko ni kesho yake saa nane mchana. Kaka yangu ni dereva wa teksi. Wakati ule alikuwa amelala wiki nzima kwa malaria, hawezi hata kusimama sawasawa. Akanipa ufunguo ili nimchukue mama Tosamaganga na kumfikisha msibani. Nilipokuwa natoka mlangoni akaniuliza, "Dada, umepima oili?"

"Nimepima, kaka."

Sikusema uongo. Lakini nyumba ya kaka iko Gangilonga, na wewe unayeijua Iringa unajua kwamba huko hata sufuria hupati mahali tambarare pa kuliweka. Gari lilikuwa limeinamisha pua kuelekea bondeni. Kijiti cha gari lile kiko upande wa mbele wa injini, karibu na rejeta. Kwa hiyo oili kidogo iliyobaki ilikuwa imejikusanya mbele, pale pale kijiti kinapochovya. Tena sikukifuta kwanza. Nilikichomoa mara moja tu, nikaona weusi umepita alama ya chini, nikaridhika. Weusi ule sehemu yake ilikuwa ni michirizi ya safari za jana.

Laiti homa isingekuwa imemchosha, kaka angeniuliza zaidi. Gari lile lilikuwa linavuja oili kidogo kidogo kwenye sili ya nyuma ya krenki, naye alikuwa na desturi ya kuiongeza kila baada ya siku mbili. Wiki ile aliyougua, gari aliliendesha deiwaka. Deiwaka alijaza petroli, akapeleka hesabu jioni, basi.

Swali la kaka si lake. Amelirithi kwa babu yetu mzaa mama. Babu alikuwa dereva wa malori ya mafuta katika miaka ile iliyofuata tarehe 11 Novemba, 1965, siku ambayo Ian Smith na walowezi wenzake wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa batili. Zambia ilikatiwa mafuta yaliyokuwa yakipitia kusini, nayo Tanzania ikafungua mlango wake. Mapipa yalipakiwa Dar es Salaam, yakapanda Kitonga, yakapita Iringa na Mbeya hadi mpakani Tunduma, katika barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo: vumbi kiangazi, utelezi masika. Wageni waliiita Njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta lilikamilika mwaka 1968 na reli ya TAZARA ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976, lakini kabla ya hayo ilitegemewa injini, na injini ilimtegemea utingo aliyeamka kabla ya dereva akiwa na kitambaa mkononi. Babu alikuwa akisema kwamba lori lililokufa porini halikumnyima mafuta mwenye lori tu. Lilimnyima pia mgonjwa aliye Lusaka. Sisi wajukuu tulikuwa tukicheka. Mzee alipenda sana kuyakuza mambo.

Basi tukaondoka, mama akiwa kiti cha mbele na kanga yake ya msiba begani. Kutoka Iringa hadi Mbeya ni kilomita zipatazo 330. Mbele ya Mafinga, katika kona moja, taa nyekundu yenye umbo la birika dogo ilimulika kwenye dashibodi, ikazimika. Kona ya pili vivyo hivyo. Nikasema moyoni kwamba ni waya umelegea; gari kuukuu lina mambo mengi.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo ninapokuomba usikilize vizuri, maana nimekuja kukuta madereva wa miaka mingi wasiolijua jambo hili. Taa ile haipimi wingi wa oili. Inapima nguvu ambayo pampu inaisukumia oili kwenye beringi. Oili ikipungua sana, gari linapokata kona oili yote hukimbilia upande mmoja wa chano chake, pampu ikafyonza hewa, taa ikawaka. Barabara ikinyooka, oili hurudi na taa huzimika. Kuzimika kule si nafuu hata kidogo. Na taa ikikaa moja kwa moja, vyuma vimekwisha kuanza kusagana. Kinachotakiwa ni kuzima injini pale pale, si kutafuta mji ulio mbele.

Kwenye uwanda wa Usangu, Igawa hadi Chimala, taa haikuonekana. Tulipopita Igurusi na kuanza kuupanda mlima wa Inyala, iliwaka, ikakaa. Nikatazama saa: saa saba kasorobo. Nikatazama mama. Nikaendelea. Baada ya dakika kama tano tulisikia mlio, ko-ko-ko, kama mtu anayegonga mlango wa chuma, kisha gari likakosa nguvu.

Dereva wa lori, mtu mzima, alisimama. Utingo wake alikisukumiza kijiti hadi mwisho, akakichomoa, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Kilikuwa kikavu. "Mama," aliniambia yule dereva kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, "hii imeshanoki."

Mabasi yalipita yamejaa. Nilipiga simu Mwanjelwa. Walisubiri nusu saa, lakini padre alikuwa na maziko mengine. Mama alipanda lori lile lile. Alipofika, watu walikuwa wanatoka makaburini.

Fundi aliyeifungua injini huko Uyole alinionyesha beringi za konrodi zilivyolika hadi shaba ikaonekana. Krenki ilibidi ichongwe. Teksi ilikaa wiki sita, na mwana wa kaka alichelewa kurudi bweni kwa kukosa nauli na mahitaji yake. Nililipa kwa mafungu kutoka katika mshahara wangu. Kaka hakunilaumu hata siku moja, jambo ambalo nalo lina uzito wake.

Siku hizi nalisogeza gari mpaka mahali tambarare tangu jioni, asubuhi napima kabla ya kuwasha. Kama injini ina moto, naizima na kungoja dakika 10 hivi, oili ishuke. Nafuta, narudisha, nachomoa, nasoma kati ya alama mbili. Katika gari dogo nafasi hiyo aghalabu ni kama lita 1. Sijazi kupita alama ya juu, maana krenki huichapa oili iliyozidi ikawa povu, na povu halilainishi chuma. Rangi nyeusi hainitishi. Rangi ya chai ya maziwa hunitisha, kwani maji yameingia.

Mwezi uliopita nilimpeleka mama Mbeya kuhani kwa jirani wa zamani. Nilipofunga boneti, nilimkuta bado amesimama nje, hajapanda.

"Umepima?"

"Nimepima, mama."

Akafungua mkoba wake, akatoa miwani, akaivaa.

"Fungua tena," akasema. "Nionyeshe."