Saa za Mvua

Mji wa Kakamega hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mvua hiyo hunyesha alasiri. Asubuhi jua huwaka, watu hutandaza mahindi uani na wanawake huanika nguo; lakini ifikapo saa nane au saa tisa wingu jeusi hujikusanya juu ya msitu, radi hunguruma, na kabla mtu hajamaliza kuingiza mahindi yake ndani matone huanza kupiga mabati. Kwa hiyo sisi wa huku tuna jambo ambalo watu wa nchi kavu hawalijui: saa mbili au tatu za kufungiwa, ambazo hatukuziomba wala hatuwezi kuzikataa. Mkulima huacha jembe, mwashi huacha tofali, mchuuzi hufunika bidhaa zake. Nadhani ukitaka kumjua mtu wa Kakamega usimwulize kazi yake. Mwulize afanyalo mvua inaponyesha.

Mimi ni fundi. Zamani nilitengeneza saa na redio. Sasa natengeneza simu, kwa kuwa saa imo ndani ya simu na redio imo humo pia. Nipendayo nje ya kazi ni mambo matatu: michezo ya video, vitabu, na kukaa na rafiki penye kinywaji. Nimeyataja kwa mpango unaowaudhi watu. Mtu wa makamo akisema kuwa apenda vitabu, husifiwa. Akisema kuwa hunywa kidogo siku ya Jumamosi, husamehewa. Lakini akisema kuwa apenda michezo ya video, watu hutazamana.

Mchezo ulinijia kwa njia ya kazi. Kampuni ya Nokia ilitia mchezo wa nyoka katika simu yake moja ya mwaka 1997, na baadaye katika simu nyingine nyingi. Nyoka yule hula vitone, na kila alapo mwili wake hurefuka. Akigonga ukuta hufa, akijigonga mwenyewe hufa. Mteja alipoleta simu yenye vitufe vibovu nilivifungua, nikavisafisha, kisha nikacheza. Sikupata kupata kipimo bora kuliko hicho, maana kitufe kikikawia hata kidogo nyoka huangamia. Wateja walioniona walidhani kuwa nachezea wakati wao. Sikujitetea, fundi akianza kueleza kila alitendalo hatamaliza kazi. Lakini nakiri kuwa simu nyingi zilipata kipimo kirefu kuliko zilivyohitaji. Nilipenda kumtazama nyoka yule akizidi kunenepa kwa chakula chake mpaka chakula chenyewe kikamjengea gereza. Nimesikia mahubiri mengi juu ya tamaa ambayo hayakunigusa kama alivyonigusa mnyama yule wa nukta nyeusi.

Wako wanaodhani kuwa michezo hii ni uzushi wa watoto wa juzi. Sivyo. Mwaka 1958 mwanafizikia Mmarekani, William Higinbotham, alitaka wageni waliokuja kutazama maabara ya Brookhaven wapate kitu cha kuwachangamsha. Akaunganisha mashine ya kuhesabu na kioo kidogo cha duara, akawapa tenisi ya nukta moja ya nuru. Mwaka 1962 vijana wa chuo cha MIT, Steve Russell akiwa mbele yao, walikamilisha vita vya vyombo viwili vya anga. Mwaka 1984 Alexey Pajitnov, huko Moscow, alitunga Tetris, mchezo wa kupanga matofali yanayoanguka. Watu hawa walikuwa na kazi nzito za elimu mikononi mwao. Hawakucheza kwa kukosa la kufanya. Walicheza kama wazee wa pwani wachezavyo bao, ambalo lina mashimo 32 na kete 64, na ambalo hakuna mtu mwenye akili aliyepata kuliita upuuzi.

Dada yangu hakujali historia hiyo. Alikuja dukani alasiri moja, mvua ikimiminika, akatua mwavuli mlangoni na kusema kabla hajaketi:

“Ndugu yangu, mtoto amekuwa mtumwa wa sanduku lile, na wewe ndiwe uliyemfundisha.”

Mtoto ni mwanawe, mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha pili. Dada ni mjane. Humsomesha kwa maziwa ya ng'ombe wawili na sukumawiki ya shamba lisilotimia nusu eka. Alikuwa amempa shilingi 600 za vitabu, na shilingi hizo zilitoweka katika muda wa siku tatu. Mtoto alionekana akitoka katika kibanda cha michezo karibu na soko, na wenye kuona hawakosi kusema.

Nilimwambia yale niliyoyajua. Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka 2019 kuutia ugonjwa wa michezo ya video katika orodha yake mpya ya magonjwa, na orodha hiyo ilianza kutumika Januari 2022. Lakini shirika hilo halisemi kuwa kila achezaye ni mgonjwa. Husema ni yule aliyeshindwa kujizuia, aliyeutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine yote ya maisha, na ambaye huendelea hata aonapo madhara, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Mtoto wako, nikasema, ana siku tatu.

“Hayo ya shirika siyajui,” akajibu. “Nazijua mia sita.”

Jibu hilo lilikuwa la haki, nami nikaona kuwa hoja hazitoshi. Siku ya pili nilikwenda kibandani mwenyewe. Msomaji akitaka kukifahamu na akifikirie chumba cha mabati kisichozidi hatua sita kwa nne, televisheni mbili kuukuu, mashine mbili za PlayStation zilizopita mikononi mwa watu wengi, na mabenchi yaliyojaa vijana kuliko abiria wa matatu. Walicheza mpira wa miguu. Mchezo mmoja ulikuwa wa shilingi 20, na desturi ya mahali pale ilikuwa kwamba aliyeshindwa hulipa na kuondoka, na aliyeshinda hubaki kumngoja mwingine. Palikuwa na kelele nyingi, lakini palikuwa na sheria pia. Kijana mmoja alipozima mashine kwa makusudi ili kukimbia aibu ya kufungwa, wenzake walimhukumu papo hapo, akalipa na kunyimwa zamu mbili. Nimepata kuona mabaraza ya watu wazima yakishindwa kutoa hukumu nyepesi kama hiyo.

Mpwa wangu aliponiona aliinuka, akataka kukimbia. Nikamwambia aketi anifungie bao mbili kwanza. Alinifunga tano. Tulipotoka nikamwuliza zilikokwenda fedha za mama yake.

“Mjomba, mpira haukuzila. Mpira ni ishirini, na nikishinda silipi. Ile ya mlangoni ndiyo iliyozila.”

Mlangoni palikuwa na mashine ya kamari, sanduku lenye taa za rangi na tundu la sarafu, la namna iliyosambaa hata katika vituo vidogo vya biashara vya mashambani. Nilisimama nikaitazama kwa robo saa, kwa jicho la fundi. Palikuwa na vitufe vikubwa vizuri, lakini havikuwa na kazi ila kumdanganya mtu kuwa ana la kuamua. Katika mchezo wa nyoka kidole chako ndicho kikuokoacho au kikuuacho. Katika mpira yule aliyefanya mazoezi humfunga asiyefanya. Hapa ustadi haukuwa na pa kuingilia. Mashine ile hutengenezwa ili kwa michezo mingi pamoja irudishe kidogo kuliko ilivyopokea, na hesabu hiyo imekwisha kufanywa kabla ya mtoto kutia sarafu ya kwanza. Tena haina mwisho. Mpira una kipenga cha mwisho, bao huisha, kitabu kina ukurasa wa mwisho. Mashine ile ilikuwa na taa tu za kukuita tena. Sheria ya Kenya hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini sanduku haliulizi umri.

Jambo hili la mwisho limenifikirisha sana, pengine kwa sababu nililelewa karibu na chungu cha busaa. Babu yangu na wenzake walikunywa kwa zamani zao. Unga wa mahindi ulichachushwa, ukakaangwa motoni, ukatiwa kimea cha wimbi na maji, ukaachwa siku chache. Siku ya kunywa, chungu kiliwekwa katikati, wazee wakakizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio kilichosukwa nchani. Sisi watoto hatukukaribia ila kuleta maji ya moto ya kuongezea. Kunywa chungu kimoja ilikuwa dalili ya kuaminiana. Mtu aliyemshuku mwenziwe hakuingiza mrija. Hapo ndipo kesi za mipaka ziliposikilizwa na posa zilipojadiliwa. Busaa ilikuwa na nguvu ndogo, wazee walikuwa wengi, na chungu kilikuwa kimoja. Kikiisha, kilikwisha, hapakuwa na kingine mpaka mavuno au arusi. Sisemi kuwa hapakuwa na mlevi. Palikuwa naye, na jina lake tulilijua sote, maana alikuwa mmoja.

Leo chungu kimebaki katika sherehe chache. Mahali pake pamechukuliwa na chupa, ambayo mtu aweza kuinywa peke yake, na na chang'aa, ambayo ilipigwa marufuku mwaka 1980 na kuruhusiwa kwa masharti na sheria ya mwaka 2010. Sheria hiyo pia hukataza kumwuzia kileo aliye chini ya miaka 18. Bia moja na rafiki sikuikataa, na sitajifanya mtakatifu mbele ya vijana. Lakini nina rafiki, seremala, tuliyekuwa tukikaa pamoja kila Jumamosi. Alasiri moja ya mvua sikuweza kufika, naye akaenda mahali pengine, akanywa kinywaji kilichotiwa methanoli. Methanoli ni spiriti ya viwandani. Mwili huigeuza kuwa asidi ambayo huharibu mshipa wa macho. Novemba 2000 sumu hiyo iliua watu zaidi ya mia moja katika jiji la Nairobi. Rafiki yangu hakufa. Aliamka siku ya pili akauliza kwa nini hapajapambazuka.

Tangu wakati huo Jumamosi zetu zimekuwa za chai na kusomewa. Nilianza na Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa mwaka 1960, kwa kuwa kitabu cha upelelezi humshughulisha msikilizaji. Hawezi kulala akiwa anamtafuta muuaji. Seremala alikuwa akinikatiza kila ukurasa. Alimshuku huyu, akamwacha, akamshuku yule, na alimwonea wivu Bwana Msa na kiko chake. Tukaingia Siku Njema cha marehemu Ken Walibora, cha mwaka 1996, habari za kijana Kongowea aliyetoka Tanga kuja Kenya kumtafuta baba yake. Nilikuwa nimekisoma peke yangu mara mbili. Kukisoma kwa sauti kulinionyesha sentensi ambazo macho yangu yalizipita kama gari lipitavyo kituo. Naamini kuwa asiyepata kumsomea mtu mwingine kitabu kizima hajui bado uzito wa vitabu. Umeme ukikatika, na radi zetu huukata mara nyingi, michezo yote hufa pamoja. Tunawasha taa ya kandili, na Kongowea huendelea na safari.

Mpwa wangu nilimwambia azilipe zile mia sita kwa kazi. Baada ya shule alikuja dukani, akasafisha vitufe na kufungua skrubu ndogo, nami nikaandika katika daftari shilingi zake. Jumamosi moja koo langu lilikauka nikampa kitabu aendelee. Alisoma kwa aibu, kisha kwa haraka, kisha vizuri. Deni lilipokwisha hakuacha kuja. Dada alipokea fedha, akazihesabu mara mbili, lakini hajasadiki mpaka leo kuwa kati ya sanduku la mpira na sanduku la kamari pana tofauti. Kwake yote ni masanduku yenye taa, na kila tukionana huniuliza kama mtoto bado acheza. Hujibu kuwa acheza. Hunitazama kwa muda, kisha huulizia bei ya kutengeneza simu yake.

Maana nimeweka televisheni ndogo na mashine ya kuchezea nyuma ya duka. Mwanzoni niliogopa kuwa seremala ataona ni kejeli, kwa kuwa mchezo huu ni wa macho mtupu. Lakini kijana alipoanza kucheza alimtangazia, kama watangazaji wa redio wafanyavyo kutoka uwanja wa Bukhungu: nani ana mpira, nani amepigwa chenga, winga amefika wapi. Seremala huketi na kikombe chake cha chai, kichwa kimeinama upande mmoja. Ana timu yake sasa, na humlaumu kocha. Jumamosi iliyopita, mvua ikipiga mabati hata tukawa tunapiga kelele ili kusikizana, kijana alitangaza kuwa mchezaji wake ameangushwa ndani ya eneo la hatari na kuwa refa amekataa penalti. Seremala alitua kikombe.

“Rudisha,” akasema. “Nieleze tena. Mguu ulitoka upande gani?”