Baiskeli ya Marehemu: Kutoka Takaungu Hadi Daraja la Kilifi

Asiyewahi kusimama juu ya daraja la Kilifi baada ya sala ya alfajiri, Kilifi bado hajaiona. Chini, hori limetulia na ngalawa moja mbili zinarudi na samaki wa usiku. Kusini, juu ya jabali, ni Mnarani na magofu yake. Kaskazini ni mji, soko na kelele za matatu zinazoanza kuamka. Kabla magari hayajawa mengi, daraja huwa ni la baiskeli. Hupita muuza mikate, mchuuzi wa samaki na kapu lake, kijana aliyefunga madumu ya maji huku na huku. Nyingi ni Hero na Avon za kutoka Ludhiana, Bara Hindi, au Phoenix za Shanghai. Ndugu zetu wa bara wameziita zote Black Mamba kwa weusi na urefu wake. Mara chache hupita mzee wao, Raleigh ya Nottingham, yenye nembo ya ndege wa shingo ndefu hapo mbele chini ya usukani.

Daraja hili lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo palikuwa na feri, na aliyekuja mjini kutoka kusini aliingoja, apende asipende. Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliingoja miaka mingi, mkono mmoja umeshika usukani wa Raleigh yake. Alikuwa mwalimu wa chuo huko Takaungu, mji mkongwe waliouhamia baadhi ya Wamazrui baada ya kushindwa Mombasa mwaka 1837, na mahitaji ya nyumba na ya chuo aliyafuata Kilifi kwa baiskeli hiyo hiyo.

Alipofariki, baiskeli iliwekwa stoo. Mama alikaa eda yake miezi minne na siku kumi, na katika muda huo hapana aliyeitaja. Eda ilipokwisha na mirathi ikafikia kugawanywa, ndipo maneno yalipoanza. Kaka mmoja alisema auziwe mnunuzi wa vyuma kuukuu, anayepima kwa kilo na kulipa papo hapo. Mwanawe, aliyekuwa akijiandaa kuingia sekondari, aliitaka ya kwendea shule, lakini kwanza ipakwe rangi nyekundu na kutiwa kiti cha sponji. Mama hakutaka hili wala lile.

Mimi nadhani familia nyingi zetu hupuuza jambo lililofuata. Kitu cha marehemu, hata kikiwa na kutu, si cha aliyekiwahi kukishika. Ni mali ya warithi wote, mpaka kigawanywe au waridhiane. Hata kukipaka rangi ni kutumia haki ya mwenzio bila idhini. Basi baiskeli ilithaminiwa kama ilivyothaminiwa minazi na vyombo vya nyumbani, na Mama akaihesabu ndani ya thumuni yake, fungu la mjane mwenye watoto. Ilipokuwa yake kisheria, alitoa sharti mbele yetu sote: mjukuu ataipanda, ila itengenezwe bila kugeuzwa sura, na kiti na kengele visiguswe.

Tuliipakia juu ya matatu, mimi na kijana, tukaipeleka kwa fundi mmoja wa Kilifi mwenye kibanda chini ya mwembe. Njiani tuliteremka Mnarani, kwa kuwa nilitaka kijana aone jambo. Pale pana msikiti wa Ijumaa na makaburi yenye nguzo, mji ulioishi tangu karne ya 14 hadi ya 17 hivi, ukachimbuliwa na James Kirkman katika miaka ya 1950. Wanaoyatunza magofu yale hawakuujenga msikiti upya wala hawakuupaka chokaa ung'ae. Wamezuia ukuta usianguke na mizizi isipasue mawe, maandishi yaliyochongwa yakabaki kama fundi wake alivyoyaacha. Kijana alinitazama, kisha akasema, "Shangazi, lakini msikiti huu haupandwi kwendewa shule." Sikuwa na jibu la haraka, na kwa kweli hoja yake ndiyo iliyoongoza kazi yote iliyofuata.

Fundi aliigawa baiskeli mafungu mawili, bila kuandika popote. Kila kinachobeba roho ya mtu kingekuwa kipya: raba za breki, tairi, tyubu, mnyororo na spoki zilizoliwa na chumvi. Kila kinachobeba sura kingebaki. Uzuri ni kwamba tairi za inchi 28 kwa moja na nusu bado zimejaa madukani, kwa sababu Hero na Phoenix zimerithi kipimo kile kile. Breki za Raleigh hii hazina waya. Ni fimbo za chuma zinazovuta raba zipande na kuibana rimu kwa upande wa ndani. Kijana alizicheka. Fundi alizinyoosha, akatia raba mpya, kisha akamwambia aibane breki na kuisukuma baiskeli kwa nguvu zake zote. Haikusogea, na kicheko kikaisha.

Mnyororo wa zamani tuliujua umekwisha kwa njia rahisi: ukiuvuta mbele ya gia kubwa ukainuka mpaka meno yakaonekana, umetanuka. Gololi zilitolewa, zikaoshwa kwa mafuta ya taa. Zenye vishimo zikatupwa, kwani gololi moja mbovu hula njia ya nyenzake. Kazi ya hatari ilikuwa pini za krenki. Fundi aliweka gogo chini ya krenki ndipo akapiga nyundo, na pini zikatoka bila kupinda kitu.

Usafishaji ulifanyika nyumbani, na hapa akina mama hatuhitaji fundi. Rangi nyeusi ya asili tuliiosha kwa maji vuguvugu na sabuni, bila msasa, na chini ya vumbi la miaka tukakuta mistari myembamba ya dhahabu ambayo hata Mama alikuwa ameisahau. Palipobanduka rangi pakashika kutu, tulisugua polepole kwa msasa laini wenye mafuta, tukakoma chuma kilipoonekana. Usukani na rimu tulizifuta kwa karatasi ya alumini, ile ya kufunikia vyakula, iliyochovywa katika siki. Kutu hutoka na mng'ao hubaki. Lakini siki isiachwe juu ya chuma. Ioshwe kwa maji baridi, chuma kikaushwe, kisha kipanguswe kwa mafuta ya cherehani, maana upepo wa bahari hausubiri. Mafuta ya nazi tuyaache kichwani. Kwenye mnyororo hugandana na kuvuta mchanga.

Kiti kilituchukua siku nyingi kuliko vyote. Ni cha ngozi, cha Brooks, watengenezaji wa Birmingham tangu mwaka 1866. Kiti cha namna hii huwa kigumu kikiwa kipya, na hulainika kikifuata umbo la anayekikalia mpaka kikawa chake yeye. Cha baba kilikuwa kimebonyea zaidi upande wa kushoto, kwa kuwa mguu wake wa kulia aliwahi kuuvunja akiwa kijana na hakuuegemea tena sawasawa. Ngozi ilikauka na kupasuka kidogo ukingoni. Jirani alishauri tuitose ndani ya mafuta usiku kucha. Fundi akakataa, kwa kuwa ngozi iliyolowa mafuta hulegea kama kitambaa. Tuliipaka mafuta mazito ya ngozi kidogo kidogo, upande wa chini zaidi kuliko wa juu, tukaiacha kivulini, na baada ya wiki fundi akakaza nati ya mbele chini ya kiti nusu duara, asizidishe. Mama alikigusa kwa kiganja pale kilipobonyea. Hakusema kitu, akaenda jikoni.

Kijana alilalamika siku tatu kwamba kiti kinamuumiza. Siku ya nne nikaona amekunja kanga kuukuu ya bibi yake na kuifunga juu ya kiti, naye bibi mtu akaridhia, kwa sharti ivuliwe kila jioni ngozi ipate hewa. Sasa huivusha darajani siku za shule, na Ijumaa huiosha kwa maji baridi kabla ya kwenda kuswali.

Bado tuna upungufu mmoja. Madigadi ya nyuma imeliwa na kutu isiyotengenezeka, na za Kihindi zinazouzwa madukani umbo lake ni tofauti. Msomaji mwenye madigadi ya Raleigh ya inchi 28, nyeusi, yenye ncha nyeupe chini, hata ikiwa imekwaruzwa, tafadhali aache habari kwa wahariri. Bei tutazungumza.